Mjomba Shaba Hakufa

Siku ya tatu tangu kitabu chake cha sita kiingie madukani, mwanamke aliyekiandika alikuwa amejifungia stoo ya kliniki ya meno, kati ya maboksi ya glovu na mifuko ya pamba. Simu alikuwa ameizima na kuiweka rafu ya juu kabisa, mbali naye, kama kitu kinachoweza kumng'ata. Kule mapokezi kiti chake kilikuwa kitupu. Wagonjwa walijipanga kwenye benchi wakishika mashavu, hadi daktari wa meno akatoka mwenyewe, barakoa ikining'inia shingoni.

"Mama Kengele yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Msaidizi wa daktari ndiye aliyesikia mtu akihema nyuma ya mlango wa stoo. Alibisha taratibu.

"Uko salama humo?"

"Nahesabu glovu," sauti ilijibu.

Jina la Mama Kengele alipewa na watoto. Alipoajiriwa pale alikuwa binti mdogo. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wagonjwa, kupokea simu na kuwakumbusha watu wasile kitu mpaka ganzi iishe. Hayo yote aliyamudu. Kilichomshinda ni watoto. Mtoto akikaa kwenye benchi lile, akasikia mashine inalia chumba cha pili na mwenzake anaangua kilio, alikuwa anakauka kama mti. Wengine waliwaponyoka mama zao wakakimbia hadi barabarani. Siku moja, kwa kukosa la kufanya, alimkalisha karibu naye mmoja aliyekuwa anatetemeka, akaanza kumsimulia habari za mji uliozungukwa na ukungu. Ndani ya ukungu ule, alisema, kuna kitu kinaitwa Mmeza-sauti. Hakina haraka. Kinakuja polepole, kinakupita sikioni, na ukifungua kinywa kumwita mama yako hakitoki kitu. Kinachokizuia ni kengele za minara tu, na kengele hazijipigi zenyewe.

Mtoto alitoa macho. Alipoitwa aliingia kwa miguu yake, akapanua mdomo, akang'olewa jino huku mawazo yake yote yako kwenye ukungu.

"Unawatia watoto hofu," mama mmoja alilalamika baadaye.

"Hofu wanakuja nayo," alijibu. "Mimi nawabadilishia tu."

Hadithi zile zikawa vitabu, kimoja baada ya kingine, hadi vitano. Msichana shujaa wake aliitwa Ulimi, kwa kuwa alikuwa na maneno mengi, na kwa kuwa kengele nayo ina ulimi wake. Ulimi alijifunza kazi ya kupiga kengele akiwa peke yake, maana aliyepaswa kumfundisha alikuwa ameshakufa kabla kitabu cha kwanza hakijaanza. Huyo ni Mjomba Shaba. Usiku ambao Mmeza-sauti aliuvamia mji, Mjomba Shaba alibaki juu ya mnara akivuta kamba mpaka watoto wote wakavuka mto. Asubuhi walimkuta amekufa, kamba mkononi. Katika kitabu cha tatu Ulimi anapanda kilimani kulitafuta kaburi lake, na hapo hata wasomaji wenye roho ngumu walikuwa wanafunga kitabu kwanza wapenge kamasi.

Mjomba Shaba hakutoka hewani. Alikuwa kaka yake mwandishi, kaka mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Wazazi wao walifariki mapema, na Cheche ndiye aliyemlea mdogo wake, akimpeleka shule na kumfulia sare kwa mikono iliyojaa makovu ya moto. Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kwa sababu kelele za vyuma zilikuwa zimemla masikio. Na alijivunia sana kifo chake. Mteja akileta geti kutengenezwa, Cheche alivua miwani ya kazi na kumwambia, "Unanijua mimi? Mimi ndiye niliyekufa mnarani."

Kwa miaka mingi wasomaji waliomba waandikiwe usiku ule wenyewe, kitabu cha mambo yaliyotangulia. Mhariri wake, mwanamke mpole asiyependa kumsukuma mtu, alipolileta wazo hilo, Mama Kengele alikubali hapo hapo. Alidhani ni kazi nyepesi. Mwisho anaujua, mji anaujua, na mtu mwenyewe amekula naye sahani moja.

Alikuwa katikati ya kitabu Cheche alipoanguka karakanani. Madaktari walisema mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, na lazima apasuliwe.

"Nimetengeneza milango ya mji mzima," Cheche alisema kitandani, "wangu mwenyewe umenishinda." Alicheka peke yake. Mkewe alitazama ukutani.

Aliwekwa kwenye foleni ya upasuaji, akarudishwa nyumbani akisubiri. Mama Kengele naye alirudi kwenye kitabu, kwa sababu tarehe ya kukitoa ilikuwa imeshatangazwa. Asubuhi moja kabla ya kwenda kazini alifika kwenye sura ya mnara. Aliandika: *Mjomba Shaba akaishika kamba kwa mikono miwili, akajua hatashuka tena.* Alikuwa bado anaisoma sentensi hiyo simu ilipolia. Alikuwa wifi yake.

"Wifi, njoo. Kaka yako hapumui vizuri."

Aliondoka na kandambili. Alimkuta Cheche ameegemezwa kwa mito, midomo imemgeuka rangi, kila pumzi anaitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Hali ile ilipita. Lakini Mama Kengele, alipofungua tena kompyuta na kuikuta sentensi yake palepale ilipomngoja, aliona kama ni yenyewe iliyoiita ile simu. Aliifuta, herufi baada ya herufi.

Alijua ni upuuzi. Alijiambia hivyo kwa sauti, jikoni, huku anakoroga uji ambao hakuunywa. Kwani maneno yana mkono? Lakini mikono yake ilikuwa haimsikilizi. Kila akimpandisha Mjomba Shaba mnarani, vidole vilikufa ganzi, akageuka kuitazama simu. Mwisho akafanya lile ambalo mwili wake ulikuwa unamwomba. Alimshusha. Akamletea mashua. Mjomba Shaba akapanda, akavuka mto, akaenda zake nchi ya mbali, na ile habari ya kwamba alikutwa amekufa ikawa uvumi tu, watu wa mji wakazika jeneza tupu bila kujua.

Hofu haikutosheka hapo. Ikataka na mengine. Ukungu ukatawanyika mapema. Mmeza-sauti akapewa utoto wa huzuni, kwamba alikuwa hivyo kwa sababu alipokuwa mdogo hakuna aliyemsikiliza. Hakuna aliyepotea wala kuumia. Kila sura ilimalizika kwa watu kula na kulala.

"Una uhakika na mashua hii?" mhariri aliuliza alipomaliza kuusoma mswada.

"Nina uhakika."

Alilisema kwa namna ambayo mhariri hakuuliza tena.

Mswada ulikwenda kwa mchapaji, na wiki hiyo hiyo Cheche akaingia chumba cha upasuaji. Mama Kengele na wifi yake walikaa kwenye viti vya plastiki ukumbini wakishikana mikono hadi ikalowa jasho. Daktari alipotoka na kusema kazi imekwenda vizuri, wifi alilia. Mama Kengele hakulia. Moyoni alisema neno moja tu: kimefanya kazi. Akimaanisha kitabu.

Kuanzia siku ile akawa na hofu ya aina nyingine, mbaya kuliko ya kwanza. Aliamini kwamba kaka yake anapumua kwa sababu Mjomba Shaba yuko hai ndani ya kurasa zile, na kwamba mtu yeyote akizigusa, atamwangusha.

Ndiyo maana alikuwa stoo akihesabu glovu. Hatimaye alipotoka na kuiwasha simu, ilitetemeka mkononi mfululizo. Wengi walikuwa na adabu, na adabu ile ilimuuma zaidi. "Samahani mama, nimekisoma mara mbili nikidhani sijaelewa." Mwingine: "Nimemlilia Mjomba Shaba tangu darasa la tano. Kumbe alikuwa anakula samaki ng'ambo?" Kijana mmoja aliandika kwamba amekirudisha dukani na kubadilisha na kamusi. Mhariri alipiga simu jioni, sauti ya chini. Wasomaji wanaomba toleo jingine, alisema, na wakubwa wa kampuni wako tayari kulifikiria.

"Sibadilishi kitu," alisema Mama Kengele, na kukata.

Jambo aliloliogopa kuliko yote ni Cheche kukisoma. Alikuwa amekatazwa kazi, karakana imefungwa, vyombo vimefunikwa turubai, na hana la kufanya ila kukaa sebuleni na miwani puani akisoma polepole, mdomo ukicheza. Mama Kengele alijaribu kukificha. Akakuta wifi ameshanunua kingine.

Siku alipoitwa, alijua. Cheche alikuwa amekaa wima, kitabu mapajani, shati limefunguliwa vifungo vya juu na mshono wa kifuani ukionekana, mwekundu na mrefu.

"Kaa, mdogo wangu."

Alikaa.

"Umenishusha mnarani."

"Ni hadithi tu, kaka."

"Juzi nilikuwa shujaa. Leo mimi ni mtu aliyewakimbia watoto, akapanda mashua." Hakupaza sauti, na kwa Cheche hilo lilikuwa jambo la kutisha. "Nimekukosea nini?"

Ndipo alipomwambia yote: sentensi, simu, midomo iliyobadilika rangi, viti vya plastiki ukumbini. Aliongea akitazama sakafu. Alipomaliza alitegemea kuchekwa, na kweli Cheche alitikisika mabega, akajishika kifua.

"Kwa hiyo mimi nikiwa nadunda, ni kazi yako, si ya yule daktari?"

"Usicheke."

"Basi kama una nguvu hizo niandikie nywele." Alijipapasa upara. Kisha uso wake ukabadilika, na alipoongea tena mdogo wake ilibidi asogee ili amsikie. "Mimi pia naogopa. Nikilala naogopa. Nikipanda ngazi hizo mbili za mlangoni naogopa. Lakini hiki ni kifua changu. Wewe usikae humo ndani. Hamtutoshi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha dawa. Cheche alikunywa, akakunja uso kwa uchungu.

Maktaba ilikuwa imemwalika Jumamosi kuzungumza na wasomaji. Angekuwa peke yake angetoroka. Wifi alikwenda naye na kumshika kiwiko hadi mlangoni, kama mtu anayempeleka mgonjwa. Chumba kilijaa. Mama Kengele alikuwa amejiandaa kwa kelele, lakini kilichompokea ni ukimya, nyuso za vijana zikimwangalia kama watu waliofiwa wanavyomwangalia jirani aliyechelewa kuja. Kwa dakika nzima alifungua kinywa na hakikutoka kitu, na kijana mmoja wa mbele akamnong'oneza mwenzake, "Amemezwa." Watu wachache wakacheka, naye akacheka kidogo, na sauti ikarudi.

Alisoma ukurasa mmoja. Kisha msichana mrefu, aliyejifunga kamba mkononi kama Ulimi, alisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Swali langu ni moja. Mjomba Shaba alikuwa hai wakati wote ule. Na hakumtumia Ulimi hata salamu?"

Mama Kengele hakuwahi kuliona hilo. Alikuwa amemwokoa mtu mmoja kwa haraka, na hakugeuka kumtazama mtoto aliyeachwa kando ya mto. Alishika ukingo wa meza.

"Niliogopa," alisema. "Mjomba Shaba ni kaka yangu. Wakati naandika, kaka yangu alikuwa kati ya kupona na kufa. Sikuthubutu kumwandika amekufa."

Msichana hakukaa.

"Baba yangu alifariki nikiwa nasoma kitabu cha tatu," alisema. "Ulimi alipopanda kilimani, nilipanda naye. Nilisema, kumbe mtu anaweza kwenda kaburini na akarudi akaendelea na kazi. Sasa hiki kinasema kaburi lilikuwa tupu." Alikaza kamba mkononi. "La kwetu si tupu, mama."

Akaketi. Kijana mdogo wa nyuma aliinua mkono akasema yeye ameipenda mashua, na wenzake wakamzomea hadi mkutubi akagonga meza.

Wakirudi, walipofika kwenye kona ya kuachana, Mama Kengele alimwambia wifi yake, "Nitaandika upya sura ile. Naomba ruhusa yako pia."

Wifi alitazama pembeni. Yeye naye, ilionekana, alikuwa ameanza kuiamini mashua. "Andika," alisema mwishoni. "Lakini usiniambie siku gani."

Aliandika saa za chakula cha mchana, kwenye meza ya mapokezi, mlango wa kliniki ukiwa umefungwa. Kila baada ya aya moja alipiga simu.

"Upo?"

"Nipo," Cheche alisema. "Endelea kuniua."

Aliirudisha kamba mikononi mwa Mjomba Shaba. Aliurudisha ukungu, na aliuandika mzito kuliko alivyowahi kuuandika, kwa kuwa sasa alikuwa anaujua kwa ndani. Mmeza-sauti akanyang'anywa utoto wake wa huzuni, akabaki kitu kisicho na sababu, kinachokuja taratibu. Alipofika mwisho hakupumzika wala kusoma tena. Alimtumia mhariri sura nzima palepale, kabla hofu haijamkamata mkono, kisha akampigia kaka yake.

Simu iliita, haikupokelewa.

Akapiga ya wifi. Nayo hivyo hivyo. Alipopiga tena ilipokelewa, na nyuma ya sauti ya wifi kulikuwa na magurudumu ya machela na watu wakiitana.

"Tumemleta hospitali. Homa imempanda ghafla, anaongea ovyo. Njoo."

Alifikaje hospitalini hakumbuki. Anachokumbuka ni viti vilevile vya plastiki, na wifi yake akimwangalia bila kuuliza, kisha akiuliza kwa macho tu, naye akiitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni leo. Wifi alijifunika uso kwa kitenge.

Alikuwa amefanya hivyo kwa mikono yake mwenyewe, akiwa na akili timamu, baada ya kuonywa na ile simu ya kwanza. Alitoka hadi mwisho wa ukumbi, kwenye dirisha lililofunguka nusu, akampigia mhariri.

"Ile sura."

"Nimeisoma," mhariri alisema. "Nimelazimika kutoka ofisini nikasimama nje."

"Kaka yangu amerudishwa hospitali."

"Ukisema niifute, naifuta sasa hivi. Hakuna mwingine aliyeiona."

Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Futa. Neno fupi tu, na angeweza kurudi akae kitini. Aliuona mnara, aliiona mashua ikimngoja chini. Alimwona pia yule msichana mwenye kamba mkononi, ambaye baba yake hakuandikwa na mtu. Alijua kwamba akisema hapana, na Cheche akafa, hakuna mtu duniani atakayemshawishi kwamba si yeye.

"Iache," alisema.

Akarudi akaketi. Alimwambia wifi yake alichofanya, kwa sababu hakuona haki kumficha. Wifi alimshika mkono, uso bado ndani ya kitenge. Walikaa hivyo, kila mlango ulipofunguka wakishtuka pamoja, na muda ukawa hauendi.

Daktari aliyekuja hatimaye alikuwa kijana, macho yamechoka. Jeraha limeingia vijidudu, alisema, wamemuwahi, wamempa dawa za mshipa, na usiku huu ndio wa kuangalia. Hakuahidi kitu. Siku iliyofuata homa ilishuka kidogo, ikapanda, ikashuka tena. Juma zima lilikwenda hivyo. Mama Kengele alikuwa anatoka kliniki na kwenda moja kwa moja wodini, akisimama kwanza nje ya mlango, akisikiliza kama sauti ya kaka yake ipo, ndipo aingie.

Siku moja ilikuwepo, na ilikuwa inagombana na muuguzi kuhusu supu isiyo na chumvi.

"Nisomee," Cheche alisema alipomwona.

"Nikusomee nini?"

"Nilivyokufa. Wifi yako kaniambia."

Hakutaka. Alimsomea hata hivyo, kutoka kwenye simu yake, kwa sauti ya chini, akisimama kila mara kumtazama kifua kikipanda na kushuka. Alipofika pale kamba inapolegea alishindwa kuendelea, na Cheche akangoja bila kumharakisha, hadi alipomaliza mwenyewe.

"Nzuri," Cheche alisema. "Ila hujaniachia niseme kitu."

"Ulitaka useme nini?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza vichwa, wakisikiliza.

"Si neno la kishujaa. Mtu akichoka namna ile hana maneno. Aulize tu, 'Wamevuka wote?'"

"Na nani amjibu?"

"Hakuna mtu kule juu. Aulize, basi."

Mama Kengele alitoka ukumbini akasimama karibu na ukuta, akaanza kuliandika swali lile simuni kwa kidole gumba. Mhudumu aliyekuwa anasukuma machela alimwomba asogee, naye akasogea, akageukia ukuta, akaendelea.